Geti la chuma lenye sura ya shaba: kwa nini mrututu ulikuangusha

*"Habari za kazi, fundi. Nipo Tanga, nyumba yangu iko karibu na bahari. Nimechomelewa geti jipya la chuma, mabomba ya mraba na bapa, nikataka liwe na sura ya shaba nyekundu kama taa na vitasa nilivyoviona kwenye hoteli moja Unguja. Niliona video, mtu anapaka maji ya mrututu kwenye chuma na papo hapo kinageuka shaba. Nikajaribu upande mmoja wa geti. Lilipendeza kweli, lakini asubuhi ya pili likaanza madoa ya kutu, na ukipitisha kidole rangi inatoka. Nilikosea kipimo? Niongeze mrututu, au nitie chumvi kama wengine wanavyosema? Nina pia taa nne za chuma za ukutani, za sebuleni, na birika la alumini la mama, naye anataka lifanane nazo. Shaba haipati kutu, ndiyo maana nilidhani italinda chuma na hewa ya bahari."*

Hukukosea kipimo, ndugu yangu, wala usiongeze mrututu. Kilichotokea kwenye geti lako kingemtokea hata mkemia mwenye mizani ya maabara. Video ile haikudanganya, ila ilikatwa mapema: shaba ya mrututu hupendeza dakika zile za kwanza, na kamera huzimwa hapo hapo. Kilichokuponza hasa kiko kwenye sentensi yako ya mwisho, kwamba shaba italinda chuma. Tuanzie hapo, maana ukishalielewa hilo utaona mwenyewe kwa nini geti, taa na birika kila kimoja kina njia yake.

Mrututu (kopa salfeti) ni chumvi ya shaba, si chumvi ya mezani. Ukiukoroga kwenye maji, shaba iliyomo inayeyuka, na kila chembe yake inakuwa na upungufu wa elektroni mbili. Chuma huachia elektroni kwa urahisi kuliko shaba. Basi maji yale yakigusa chuma kitupu, atomu ya chuma huachia elektroni zake mbili na kuyeyukia majini, na chembe ya shaba huzichukua na kutua mahali hapo. Kwa kila gramu 64 za shaba zinazotua, takriban gramu 56 za chuma zimeondoka. Ni sawa na mtu anayejenga ukuta huku akichimba udongo wa msingi wa ukuta uleule. Ndiyo maana rangi ilitoka kwa kidole. Na ukiufanya mrututu kuwa mkali zaidi, shaba hutua kwa pupa zaidi, na unachopata ni unga mnene zaidi na mlegevu zaidi.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa karibu bila kuharibu kitu cha maana, chukua misumari miwili isiyo na zinki. Isugue kwa msasa hadi ing'ae, uioshe kwa sabuni. Mmoja uchovye kwenye mrututu mwepesi, buluu ya kuweza kuona upande wa pili wa chupa, uhesabu hadi kumi, uutoe. Utatoka na wekundu wa waridi unaovutia sana. Usuuze, kisha ufute kwa kitambaa cheupe: wekundu utabaki kwenye kitambaa, hasa ule wa kwenye kingo za kichwa cha msumari. Sasa iweke yote miwili juu ya karatasi iliyoloa maji ya chumvi, uiache hadi kesho. Yote itashika kutu, lakini ule uliochovywa utakuwa na vidoti vya kahawia iliyokolea, kila kimoja kikiwa pale ambapo shaba haikushika vizuri. Ndivyo vidoti ulivyoviona kwenye geti lako.

Vidoti hivyo vina sababu. Metali mbili zikigusana huku zimelowa maji ya chumvi, zinakuwa betri ndogo, na ile inayoachia elektroni kwa urahisi ndiyo inayoliwa. Zinki huachia kwa urahisi kuliko chuma, na chuma kuliko shaba. Hiyo ndiyo faida ya mabati: ukiyakwaruza, zinki ya pembeni inaliwa kwa niaba ya chuma. Shaba hufanya kinyume chake. Tundu dogo kama ncha ya sindano kwenye utando wa shaba hukifanya chuma kilicho chini kiwe ndicho kinacholiwa, tena kwa kasi, kwa sababu shaba imetanda eneo kubwa na tundu ni moja, hivyo nguvu yote ya betri ile inaishia pale. Ni kweli kwamba shaba yenyewe haishiki kutu, lakini ikikaa juu ya chuma pwani inakiharakishia chuma kutu.

Mfano mkubwa kuliko yote uko bandarini New York. Sanamu ya Uhuru iliyozinduliwa mwaka 1886 ina ngozi ya bati la shaba lenye unene wa milimita 2.4 hivi, na ndani imeshikiliwa na kiunzi cha chuma kilichosanifiwa na Gustave Eiffel. Wajenzi walijua hatari ya metali hizo mbili kugusana, wakaweka asbesto iliyolowekwa kwenye vanishi ya shelaki katikati. Miaka ikapita, kitenganishi kile kikachakaa, maji yenye chumvi yakaingia, na mikanda ya chuma iliyobeba ngozi ikaanza kuvimba kwa kutu hadi ikang'oa riveti. Kati ya mwaka 1984 na 1986 ilibidi mikanda hiyo ibadilishwe, ikawekwa ya chuma kisichoshika kutu. Shaba haikuwa na neno, ilikuwa imevaa ukijani wake tu. Kilichooza ni chuma kilichoigusa. Na hapo walikuwa na shaba ya milimita mbili na zaidi. Utando wa mrututu hauonekani hata ukiukata na kuutazama ubavuni.

Kuhusu chumvi: usitie. Chumvi huongeza kasi ya mabadilishano yale, na mabaki yake yakiingia kwenye maungio ya geti hayatoki kirahisi. Utakuwa umeihamishia bahari ndani ya bomba.

Sasa upande ule uliokwisha kuupaka. Usipige rangi juu yake, hata kama fundi rangi wako atakuambia itafunika. Wekundu wote lazima utoke, kwa sababu kila doa la shaba litakalobaki chini ya rangi litaendelea na kazi yake ya betri. Osha kwa maji mengi yaliyokorogwa soda kidogo ya kupikia, kausha, kisha piga grainda yenye brashi ya waya na umalizie kwa msasa, ukikazania kwenye mishono ya kuchomelea na pembe za ndani. Usisimame hadi uone chuma cheupe. Vaa miwani na glavu, na nguo za kazi hii zifue peke yake.

Mrututu uliobaki usiumwage kwenye mtaro, maana kwenu mtaro unaishia baharini, na shaba iliyoyeyuka ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo. Tumbukiza misumari chakavu au steliwaya kwenye ndoo ya plastiki yenye maji yale, uiache siku kadhaa hadi buluu iishe. Shaba itakuwa imeshuka chini kama tope jekundu. Tope lifunge kwenye nailoni ulitupe na taka ngumu. Na kama ulikurukia machoni wakati wa kupaka na bado yanawasha, au kuna mtoto aliyeonja, acha kusoma hapa uende hospitali leo, na ukifika uwatajie kwamba ni mrututu.

Kwa geti la nje, karibu na bahari, ushauri wangu ni rangi. Najua wapo watakaosema rangi ni shaba ya bandia, wewe ulitaka ya kweli. Lakini hata shaba ya kweli isingekaa Tanga na rangi ile uliyoipenda. Ingekuwa ya kahawia baada ya muda mfupi, kisha ingeanza ukijani. Taa za hotelini zinang'aa kwa sababu zimepakwa vanishi ngumu, au kwa sababu kuna mtu analipwa kuzisugua kila wiki. Hilo watalii hawalioni.

Kazi ya rangi inaamuliwa kabla kopo la shaba halijafunguliwa. Chuma kipya kina gamba la kijivu cheusi kilichotoka nalo kiwandani. Mafundi wengi hulipaka rangi juu yake kwa sababu linaonekana safi. Gamba hilo nalo huungana na maji ya chumvi kukila chuma, kisha linabanduka na rangi yako yote. Liondoe. Futa mafuta kwa thina na vitambaa safi, ubadilishe kitambaa mara kwa mara, la sivyo utakuwa unasambaza mafuta badala ya kuyatoa. Kisha osha kwa sabuni na umwagie maji safi. Yakiteremka kama pazia moja bila kukatika, chuma ni safi. Yakijikusanya matone, bado kuna mafuta, rudia. Kausha mara moja, piga praima, yaani rangi ya msingi, siku hiyohiyo. Kwa unyevunyevu wa pwani, chuma kilichosuguliwa asubuhi kinaweza kuwa na kutu nyepesi kabla ya jioni. Redoksaidi, ile praima nyekundu ya kawaida, ingekutosha ungekuwa Dodoma. Kwako wewe tafuta praima ya epoksi yenye zinki, na usiwe bahili kwenye kingo na mishono, kwa sababu rangi hukimbia kingo kali na kujirundika katikati.

Kabla ya hapo hakikisha mabomba yako si yale yaliyochovywa zinki. Ungeona mapema, kwa kweli: mrututu kwenye zinki hutoa tope jeusi badala ya wekundu. Lakini mara nyingi geti moja huwa na vipande mchanganyiko. Penye zinki usipake rangi ya mafuta moja kwa moja, kwa sababu mafuta yake hubadilishana na zinki yakawa kama sabuni, na rangi inabanduka vipande vizima. Hapo inatakiwa praima iliyoandikwa kuwa ni ya mabati. Na fundi asichomelee wala kuchoma zinki ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake huleta homa na kutetemeka saa chache baadaye.

Juu ya praima, usiende moja kwa moja kwenye shaba. Piga kwanza kahawia iliyokoza inayoelekea damu ya mzee. Ikikauka, pitisha rangi ya shaba tabaka jembamba, kisha kwa brashi karibu kavu ongeza mng'ao kwenye sehemu zilizoinuka tu: kingo za bapa, vichwa vya mapambo, sehemu ambazo mkono ungegusa. Kahawia ikibaki mabondeni, jicho linaamini kwamba ni shaba iliyozeeka. Geti lililopigwa shaba tupu kila mahali linafanana na bango la matangazo, na nimeyaona mengi.

Makopo ya rangi ya shaba yana aina mbili kubwa. Moja ina unga wa shaba halisi. Nyingine ina vipande vidogo vya maika (madini yenye kumetameta) vilivyovikwa oksaidi ya chuma, ambavyo vinang'aa kama shaba lakini havina shaba hata chembe. Ya pili ndiyo nzuri kwa geti lako, kwa sababu haibadiliki rangi. Ya kwanza inafaa mtu anayetaka ukijani wa kizamani, na hata hivyo lazima itanguliwe na praima isiyopenya. Ukiwa na shaka na kopo ulilouziwa, paka kipande cha mbao, kikikauka dondoshea tone la siki yenye chumvi. Kesho yake likiwa la kijani, ni shaba halisi.

Mwisho ni vanishi isiyo na rangi inayostahimili jua. Ile ya magari, ya kuchanganya na dawa ya kukaushia, ndiyo inayodumu, lakini ukungu wake wa kupulizia una kemikali ziitwazo isosianeti, na hizo zinaweza kumwachia mtu pumu ya maisha. Barakoa ya kitambaa haizizuii. Kazi hiyo mpelekee fundi wa rangi za magari mwenye chumba na kifaa cha kupumulia, au tumia vanishi ya kawaida ya nje kwa brashi na ukubali kuirudia mapema zaidi. Mimi kwa geti la nyumbani ningechukua hiyo ya pili. Ukiiona imefifia, msasa laini na koti jipya vinatosha, mradi hujaacha kutu ianze chini.

Mtu akija kukuambia kazi ya rangi iko tayari, chora kwa wembe miraba midogo sehemu iliyojificha, bandika utepe wa gundi (selotepu), ukandamize, uvute kwa ghafla. Miraba ikibanduka na utepe, usiipokee kazi.

Taa za sebuleni ni habari nyingine. Ndani ya nyumba hakuna mvua wala ukungu wa bahari wa moja kwa moja, kwa hiyo shaba halisi inawezekana, na njia ya kweli ni kuchovya kwa umeme, jamaa ya ile kazi ya kutia kroma. Watu hujaribu nyumbani kwa chaja ya simu, na kwa funguo inafanya kazi. Kwa taa hapana, na hesabu yake ni hii: ampea moja ikipita saa nzima hushusha gramu 1.19 za shaba, yaani unene wa maikroni 13 hivi (maikroni elfu moja ni milimita moja) kwenye eneo la sentimita 10 kwa 10. Taa ya ukutani ndani na nje inaweza kufika maeneo 10 ya ukubwa huo, hivyo kupata unene huohuo kwa saa moja ungehitaji ampea 10 zinazotulia, na chaja yako inatoa moja au mbili.

Ukimpelekea fundi wa kroma, muulize swali moja: ataanza na nini kabla ya shaba? Akisema anachovya chuma moja kwa moja kwenye tangi la mrututu na tindikali, chukua taa zako. Mabadilishano yale yale ya kwenye geti yatatangulia umeme, na shaba nene itakaa juu ya unga. Akisema anaanza na utando mwembamba wa nikeli, au wa shaba kutoka tangi la sianidi, anaijua kazi. Sianidi ni sumu ya kuua haraka, kwa hiyo tangi hilo libaki kwake. Asikuuzie dawa hiyo ukajaribu nyumbani, hata kama ni rafiki. Taa zikirudi, zipakwe vanishi kabla hazijashikwa na mikono mitupu, maana alama za vidole huonekana kwenye shaba baada ya siku chache.

Kuna njia ya bei nafuu kama fundi huyo hayupo karibu. Chuma kilichong'arishwa vizuri kikipashwa moto taratibu hupita rangi zake: majani makavu kwenye nyuzi 230 hivi, kahawia yenye wekundu karibu na 260, zambarau 280, buluu 300. Ukiondoa moto kwenye kahawia, unapata rangi inayokaribia shaba kuukuu, na hapo hakuna metali ya pili ya kugombana na chuma. Ni kazi ya jicho na ya subira, inapendeza kwa vipande vidogo, na bila vanishi inashika kutu kama chuma chochote. Jaribu kwanza kwenye chakavu.

Kwa njia yoyote utakayochagua, nyaya na soketi zitolewe kwanza, tena na fundi umeme. Akirudisha, ile sehemu ya skrubu ya waya wa ethi ikwanguliwe hadi chuma kitupu. Vanishi haipitishi umeme, na taa ya chuma isiyo na ethi ni hatari hata ikiwa nzuri namna gani.

Limebaki birika la mama. Mrututu peke yake karibu haufanyi kitu kwenye alumini, kwa sababu alumini imejivika oksaidi ngumu. Ndiyo maana watu husema utie chumvi. Chumvi huipasua oksaidi hiyo, na kinachofuata ni mchemko: maji yanapata moto, haidrojeni inatoka kwa mapovu, tope jekundu linajaa, na alumini inatobolewa. Kwenye chombo kilichofunikwa inaweza kulipuka. Usijaribu.

Kama birika limestaafu na kazi yake ni kukaa kabatini, lisugue kwa msasa, piga praima ya alumini, kisha rangi ileile ya maika, nje tu. Lisirudi jikoni, kwa sababu rangi itaungua. Kama mama bado anachemshia chai, mwachie lilivyo umnunulie la shaba, na hapo dukani funua kifuniko utazame ndani. Pawe na koti la rangi ya fedha, ambalo kwa kawaida ni madini ya bati, si bati la paa. Shaba tupu ikikutana na ndimu au ukwaju huyeyukia kwenye kinywaji na kumtapisha mtu. Ukikuta ndani ni pekundu, au koti limechunika, mwambie muuzaji unalitaka la mapambo na ulilipie kwa bei ya mapambo.